Zile ndege zilizotua Mbuyuni 1916 zilikuwa za nani?

Swali limetoka kwa msomaji wa Taveta. Anasema marehemu bibi yake alikuwa akiwasimulia kwamba wakati wa vita vya Mjerumani kulikuwa na ndege zinapaa na kutua pale Mbuyuni, na kwamba waliokuwa wakizirusha ni Makaburu. Yeye kasoma kwamba jeshi la anga la Afrika Kusini lilianzishwa 1920, kwa hiyo anauliza mambo matatu: hao Makaburu walitoka wapi kabla ya jeshi lao kuwepo, ndege zenyewe zilisaidia nini, na je, Mjerumani naye alikuwa na zake?

Ndugu yangu, bibi alikuwa sahihi na wewe pia uko sahihi, ngoja nieleze.

Kwa kifupi, kikosi kilichokuwa Mbuyuni kuanzia Februari 1916 kilikuwa skwadroni ya 26 ya Royal Flying Corps, yaani jeshi la ndege la Mwingereza, ila wenyewe waliiita skwadroni ya Afrika Kusini kwa sababu iliundwa na watu wa South African Aviation Corps, kikosi kilichokuwepo miaka kadhaa kabla ya hiyo 1920. Na si wote walikuwa Makaburu, wengi walikuwa wazungu wa Afrika Kusini wenye asili ya Uingereza, kamanda wao mwenyewe alikuwa Gerard Wallace, ila kwa mtu wa Taveta wakati ule mzungu yeyote aliyetoka kusini alikuwa Kaburu tu, basi.

Sasa historia. Afrika Kusini ilipoungana kuwa nchi moja 1910 haikuwa na jeshi moja, kila koloni lilikuwa na askari wake, ndipo 1912 ikapitishwa sheria ya ulinzi na ndani ya ile sheria kikatajwa kikosi cha ndege. Kimetajwa tu, ndege hakuna, rubani hakuna. Smuts alikuwa waziri wa ulinzi, akamtuma Jenerali Beyers Ulaya akaangalie majeshi ya huko yanafanyaje na hivi vyombo vipya, Beyers akarudi amekubali kabisa kwamba ndege ni macho ya jeshi. Huyu Beyers kumbuka jina lake, tutamrudia.

Serikali haikuwa na shule ya urubani, ikaingia mkataba na jamaa wa kibinafsi, Compton Paterson, Mwingereza aliyekuwa na ndege yake aliyoibuni mwenyewe na shule ndogo pale Alexandersfontein nje kidogo ya Kimberley, mji wa almasi. Wakachaguliwa vijana kumi, mafunzo yakaanza katikati ya 1913. Ukienda leo pale Alexandersfontein kuna makumbusho madogo na mfano wa hiyo ndege, ukiiona utashangaa watu walipata wapi roho ya kuipanda: mabawa mawili moja juu ya jingine, katikati nyaya tupu, hakuna bodi ya kumficha rubani, unakaa kwenye kiti mbele ya mabawa miguu ikiwa hewani, injini iko mgongoni kwako. Mwalimu wao, Edward Cheeseman, alianguka na ndege akaumia na hakupona. Na Kimberley iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na jua la mchana kule linafanya hewa kuwa nyepesi kiasi kwamba injini dhaifu kama ile inashindwa kunyanyua ndege, kwa hiyo walikuwa wakiruka alfajiri na jioni. Hilo la hewa nyepesi litarudi tukifika huku kwetu.

Kati ya wale kumi sita walipelekwa Uingereza, chuo cha Upavon, wakamalizie mafunzo ya kijeshi. Majina yao ni Wallace, van der Spuy, Creed, Emmett, Turner na Williams. Kenneth van der Spuy ndiye wa kwanza kufaulu, tarehe 2 Juni 1914. Miezi miwili baadaye vita vikalipuka Ulaya na hata hawakupata nafasi ya kurudi nyumbani, Mwingereza alikuwa na uhaba wa marubani, basi wakapelekwa Ufaransa wakaanza kuruka juu ya Wajerumani.

Nyumbani nako mambo yaliharibika. London iliiomba Afrika Kusini iivamie koloni la Mjerumani jirani, ile tunayoiita Namibia leo, na Makaburu wengi hawakutaka, miaka kumi na mbili tu ilikuwa imepita tangu Mwingereza awapige na kuwatia wake zao na watoto kambini, leo aje awaambie wampiganie? Beyers, yule yule aliyetumwa kuangalia ndege, alijiuzulu akaingia kwenye uasi, na Desemba 1914 akazama mto Vaal akiwakimbia askari wa serikali. Mimi naona hii ni sehemu inayosahaulika sana, watu wakiandika historia ya ndege wanaanza na injini na mabawa wanaacha kwamba mtu aliyeshauri kikosi kiundwe alikufa akipigana na serikali hiyo hiyo, na kwamba uasi ule ulichelewesha kila kitu.

Kikosi rasmi kikaanza 29 Januari 1915, Wallace akiwa kamanda, na wale vijana wakaitwa kutoka Ufaransa. Hapo walifanya uamuzi mmoja wa busara sana. Ndege za wakati ule zilikuwa mbao, gundi na kitambaa, na mbao ukiipeleka kwenye jangwa la Namib inakauka, inajikunja, gundi inaachia. Wakaagiza Henri Farman F.27 kutoka Ufaransa ambayo kiunzi chake ni bomba za chuma. Zilichelewa, Mei 1915 ndipo zikaanza kuruka kutoka Walvis Bay, na muda wote huo Mjerumani ndiye aliyekuwa na anga. Alikuwa na ndege tatu tu na marubani watatu, von Scheele, Trück na Fiedler, lakini zilitosha kuwasumbua wanajeshi wa Afrika Kusini waliokuwa wakisonga kutoka Lüderitz, wanaangushiwa makombora ya mizinga yaliyogeuzwa mabomu na wao hawana la kujibu zaidi ya bunduki.

Zile Farman zilipofika Botha aliyekuwa akiongoza vita akapata anachokitaka. Namibia ni wazi, ndugu yangu, nchi ya mawe na mchanga, farasi mia wakitembea vumbi lake unaliona umbali mrefu mno, visima vya maji vinajulikana na kila jeshi lazima lipitie kisimani. Rubani anaruka asubuhi, saa mbili baadaye karudi anakwambia adui yuko hapa, ameondoka pale, reli imevunjwa mahali fulani. Botha akawasukuma Wajerumani kaskazini mpaka wakasalimu amri tarehe 9 Julai 1915, karibu na Otavi. Miezi miwili ya kazi, mafanikio makubwa, na kila mtu akaamini kwamba sasa dawa imepatikana ya kupigana vita Afrika.

Baada ya hapo watu wale walisafiri Uingereza, na tarehe 8 Oktoba 1915 ikaundwa skwadroni ya 26 pale Netheravon, kiini chake ni wao, kamanda Wallace yule yule. Kwenye makaratasi South African Aviation Corps ilibaki hai, kiutendaji ikawa imemezwa na Mwingereza. Desemba wakapanda meli, mwisho wa Januari 1916 wakashuka Mombasa na treni ikawapeleka Voi, halafu ile reli mpya iliyokuwa ikijengwa kuelekea Taveta.

Hapa sasa ndipo kwenu. Mbuyuni ilikuwa imechukuliwa na Mwingereza wiki chache kabla, mwezi huo huo wa Januari, na ikageuzwa kambi kubwa ya kuvamia Moshi. Wewe unaijua nchi yenyewe, miba na vumbi, maji hakuna, yaani maji ya kambi yaliletwa na bomba kutoka milima ya Bura. Kichaka kikafyekwa kupata uwanja, mahema makubwa ya kuhifadhia ndege yakasimamishwa, na ikifika alfajiri Kilimanjaro inaonekana yote kabla mawingu hayajaifunika. Kama bibi aliona ndege kabla ya Februari basi inawezekana ni za jeshi la majini la Mwingereza, maana hao walikuwa wameshafungua uwanja Maktau 1915 wakitokea kisiwa cha Mafia, walikokuwa wakiisaka ile manowari ya Mjerumani, Königsberg, kwenye delta ya Rufiji.

Skwadroni ya 26 ilikuja na Farman za chuma na aina nyingine, BE2c. Hiyo BE2c ilikuwa ya mbao, injini mbele, mwangalizi anakaa mbele ya rubani katikati ya mabawa kazungukwa na nyaya na nguzo, akitaka kupiga bunduki hajui aelekeze wapi asiikate ndege yake mwenyewe. Kule Ufaransa wakati huo huo BE2c zilikuwa zinaangushwa na Wajerumani kama kumbikumbi. Huku zilipona kwa sababu moja tu, Mjerumani wa huku hakuwa na ndege ya kuziangusha.

Swali lako la pili, zilisaidia nini. Nitakujibu bila kupamba: zilisaidia kidogo kuliko walivyotegemea, na sababu kubwa ni miti.

Chukua Salaita, kile kilima kiko njiani kati ya Mbuyuni na Taveta, unakipita kila ukienda Voi. Tarehe 12 Februari 1916 brigedi ya Afrika Kusini iliyotoka kushuka melini ilipelekwa kukishambulia. Wajerumani walikuwa wamechimba mahandaki ya kuonekana juu ya kilima na mahandaki ya kweli chini kwenye nyasi na vichaka, yamefichwa vizuri, na uchunguzi wote uliofanyika kabla, wa angani na wa miguu, haukuyabaini. Mizinga ikapiga kileleni ambako hakuna mtu. Wanajeshi wakasogea wakakutana na risasi za askari weusi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani huku kwetu, kutoka pale wasipopategemea, wakarudi nyuma mbio, na waliowafunika wasimalizwe ni Wabaluchi wa jeshi la India, wale wale ambao hao vijana wa kusini walikuwa wakiwadharau kambini. Waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea siku hiyo walikuwa 172. Miezi saba tu nyuma jeshi hilo hilo lilikuwa na ndege zinazoona kila kitu Namibia.

Unaona tofauti. Mtu wa juu anaona sehemu ya juu ya mti, anayekaa chini ya mti haonekani. Askari wa Mjerumani, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma na watu wengine waliokulia kwenye misitu hiyo, walijifunza haraka sana: ukisikia mlio unasimama, unaingia kivulini, moto unazimwa, unasubiri ipite. Ile injini ilisikika mapema mno kabla ndege haijafika. Vumbi la Namibia halipo huku, na ukiona moshi hujui ni jeshi au ni mkulima anachoma shamba lake. Mabomu nayo yalikuwa madogo, ukiyaangusha msituni yanapasua matawi tu, ingawa kwa watu ambao hawajawahi kushambuliwa kutoka juu hofu yake ilikuwa kubwa na sitaki kuipunguza hiyo.

Smuts mwenyewe alikuja kushika uongozi mwezi huo huo wa Februari. Machi akapita vilima vya Latema na Reata, akaichukua Moshi, akashuka Kahe ambako Mjerumani alikuwa ameweka mzinga uliotolewa kwenye Königsberg. Halafu masika ikaanza na hiyo masika ya 1916 ilikuwa ya kutisha, mito ikafurika, viwanja vikawa matope, mbao iliyokaushwa na jua la Mbuyuni ikavimba kwa maji, kitambaa cha mabawa kikalegea, mchwa nao hawakukaa bure. Homa ikaingia. Kabla mwaka haujaisha Afrika Kusini ilikuwa imerudisha nyumbani zaidi ya askari wake 12,000 kwa malaria na kuhara, na marubani na mafundi walikuwa na damu kama ya wengine, siku nyingine ndege ni nzima lakini hakuna wa kuirusha.

Walifuata jeshi Mei likishuka Pangani, kisha Handeni, mpaka Morogoro iliyoangukia mikononi mwao tarehe 26 Agosti, halafu wakaenda Kilwa, Iringa, kila mahali jeshi lilipokwenda. Na kila kambi maana yake ni uwanja mpya, na uwanja mpya maana yake ni watu wa kufyeka, kung'oa visiki, kufukia mashimo. Hao watu hawakuwa Makaburu. Walikuwa babu zetu. Ng'ombe na farasi waliuawa na mbung'o njiani, malori yalikwama, kwa hiyo mafuta, spea na mabomu yalifika kwa vichwa vya wapagazi wa Carrier Corps, na wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na kuhara zaidi ya risasi. Nikisoma vitabu vya kumbukumbu za marubani naona kila rubani ana jina, cheo na nishani, wapagazi wanatajwa kwa mizigo. Ndege moja kukaa hewani saa mbili juu ya Rufiji ilikuwa na mstari wa watu nyuma yake waliotembea wiki nzima.

Pamoja na hayo kuna mambo ndege ziliyafanya ambayo bila wao yasingewezekana, nisije nikaonekana nawanyima haki. Ramani za Wajerumani zilikuwa na nafasi nyingi nyeupe na makamanda wa Smuts walikuwa wakisonga gizani, ndege ikawaonyesha mto unapinda wapi, daraja lipo au limeng'olewa, barabara inaishia wapi. Vikosi vilivyotengana kwa maili nyingi za pori vilipata barua kwa ndege ndani ya asubuhi moja wakati mjumbe wa miguu angetumia siku kadhaa, kama angefika. Na marubani wenyewe walikuwa majasiri, hilo halina ubishi, hakuna parashuti, injini ikizima juu ya msitu unatafuta pahali palipo na miti mifupi unaomba Mungu. Mmoja wao mwanzoni mwa 1917 ilimbidi ashuke kwenye mabwawa ya bonde la Rufiji, akatoka huko kwa miguu akivuka mito yenye mamba, akaonekana tena wakati wenzake walishakata tamaa. Na ile habari ya hewa nyepesi ya Kimberley iliwakuta tena, jua likishapanda ndege inarushwa juu na chini na inakataa kupaa ikiwa na mzigo, kwa hiyo kazi ilikuwa ni alfajiri. Nadhani hata kwenye simulizi za bibi zilikuwa zikisikika asubuhi mapema, muulize mtu mwingine wa ukoo aliyewahi kumsikia.

Lettow-Vorbeck hawakumkamata. Novemba 1917 alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji, na Februari 1918 skwadroni ya 26 ikapanda meli kuondoka, ikavunjwa Uingereza mwezi Julai mwaka huo. Hiyo 1920 uliyoisoma, tarehe 1 Februari, ndipo Pierre van Ryneveld alipoanzisha South African Air Force kama jeshi linalojitegemea kwa kutumia ndege 100 ambazo Mwingereza alizigawa baada ya vita, kwa hiyo kitabu chako hakijakosea, kimeanza kuhesabu pale lilipopata jina lake la sasa. Van der Spuy alikuja kuwa jenerali ndani ya jeshi hilo, baada ya kufungwa Moscow na Wabolsheviki kwanza, maana alipomaliza Afrika Mashariki alikwenda vita vya Urusi, akafariki 1991 akiwa na miaka 99.

Limebaki swali la tatu, la Mjerumani. Alikuwa nayo moja Dar es Salaam, ililetwa na rubani aitwaye Bruno Büchner kwa ajili ya maonyesho makubwa yaliyopangwa Agosti 1914, vita vikaanza ikachukuliwa na jeshi, na kabla mwaka ule haujaisha ilikuwa imeshavunjika. Baada ya hapo hakuwa na kitu angani mpaka Novemba 1917, pale Berlin ilipotuma meli-anga kubwa, Zeppelin L59, kutoka Bulgaria imejaa risasi na dawa za Lettow-Vorbeck. Ilivuka Mediterania, ikakata jangwa la Sahara, ikafika Sudan si mbali na Khartoum, hapo ikaitwa irudi kwa sababu habari zilikuwa zimeshafika kwamba Lettow-Vorbeck amebanwa na pale ingeshukia hapakuwa pake tena. Ikageuza, ikatua Bulgaria ikiwa imekaa hewani saa 95 bila kugusa chini. Kwa hiyo upande wenu wa Taveta ndege zote zilizoonekana vita vile, za majini au za Wallace, zilikuwa za upande mmoja.

Kama kuna mzee pale Mbuyuni anayejua uwanja wenyewe ulikuwa sehemu gani hasa, tuandikie, na ukiweza upige na picha za hiyo sehemu.